Tunarefusha ranwei na mvua ishaanza, maji yananizidi, nisaidieni

Mtoto wa Saiti

Habari zenu wakubwa, mnisamehe Kiswahili changu nilikiokota sokoni Koboko. Mimi ni msaidizi wa injinia kwenye kiwanja kimoja cha ndege huku kaskazini mwa Uganda, jina naliacha maana bado nakula hapo. Sisi ni sabukontrakta, kazi yetu udongo na mitaro. Tunaongeza mita 600 kwenye ranwei ya zamani, yaani njia ya kurukia ndege, na ile ya zamani haijafungwa, asubuhi kuna ndege ndogo zinatua, zikishaondoka ndio tunaruhusiwa kuingia na mashine.

Sasa balaa. Tulipata greda mbili na eskaveta kwa pamoja, bosi akasema zitumieni zikiwepo, tukakwangua hekta 14 kwa mpigo, majani yote kwisha, udongo mweusi wa juu tukaurundika upande wa mlimani. Jumanne ya wiki iliyopita mvua ikapiga saa kumi usiku, kipimo kikasoma milimita 48, kulipokucha lile rundo limetembea jamani, limepita kwenye mtaro wetu ambao tulichimba kipande cha katikati tu, huku haujafika na huku haujafika, matope yakaenda kulala mwanzoni mwa ranwei ya zamani. Ndege ya asubuhi ikazunguka weee ikarudi ilikotoka. Upande wa chini maji yameingia kwenye muhogo wa watu na kwenye chemchemi yao ya kunywa, mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, alikuja na akina mama na jerikani tupu, sikuwa na la kusema.

Kile kitambaa cheusi cha kuzuia matope tulikuwa nacho, tulikipigilia kwa vigingi kukatisha bondeni, kimeanguka chote.

Kontrakta mkuu anasema tuchimbe bwawa kubwa likamate maji. Mtu wa usalama wa kiwanja anasema bwawa linaita ndege wa angani, hataki hata kulisikia. Mimi niko katikati kama yai ndani ya rolex, ile chapati yetu ya kuviringisha. Bwawa au si bwawa? Na kama ni bwawa liwe la ukubwa gani? Na lile tope la mfinyanzi nimelichukua kwenye chupa, siku ya tatu leo bado lina rangi ya chai ya maziwa, hilo nalo linatulizwaje?

Mzee wa Level

Kijana pole. Nimepiga levo, yaani kupima usawa wa ardhi, barabara na viwanja miaka mingi toka Tororo mpaka Moyo, nakuambia kosa lenu halikuwa mvua, lilikuwa zile hekta 14. Hesabu yake ni ya shule ya msingi, milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Kwa hiyo 48 mara 14 mara 10, unapata 6,720. Hiyo ni safari 672 za boza la lita elfu kumi, zimemwagwa juu ya udongo mtupu kabla ya adhana ya alfajiri. Tuseme nusu ilizama ardhini, ambayo kwa udongo uliokanyagwa na mashine mimi nakuonea huruma tu kusema nusu, bado una mita za ujazo zaidi ya 3,300 zinatafuta pa kwenda na wewe hujazipa njia.

Na usidhani lami ikishakuja mambo yatakuwa mepesi. Ranwei kubwa ya Entebbe ina urefu wa mita 3,658 na upana 45, ikipata mvua kama hiyo yako inamwaga karibu mita za ujazo 7,900, na lami hainywi kitu, karibu yote inashuka pembeni. Majani yale mliyokwangua yalikuwa yanakunywa sehemu kubwa tu bila kukudai hata shilingi.

Sasa fanya hivi. Kwanza kabisa yapambanue maji. Maji yanayotoka mlimani nje ya saiti yako ni masafi, hayakuhusu, usiyakaribishe ndani yachafuke halafu uanze kuhangaika nayo. Kata mtaro upande wa juu, uyazungushe pembeni uyarudishe kwenye njia yake ya zamani. Mara nyingi hilo peke yake linakupunguzia shida karibu nusu, maana lile rundo lenu halikutembezwa na mvua iliyoliangukia, lilisukumwa na maji ya mlima.

Pili, mtaro unachimbwa kuanzia chini kwenda juu. Unaanza pale maji yatakapotokea, unapajenga, ndio unapanda. Huo wa katikati mliochimba si mtaro, ni beseni.

Tatu hicho kitambaa. Hakiwekwi bondeni maji yanapokusanyika, kinawekwa kwenye mteremko kufuata usawa wa ardhi, mguu wake umezikwa kama sentimita 15 na kushindiliwa, na kila mita 30 za kitambaa ziangalie eneo lisilozidi robo ya eka. Ukikipa mto kitalala, hata ningekuwa mimi ningelala.

Tajiri Mpole

Mnachimba vipi wakati wa mvua kwanza? Ngojeni Desemba kiangazi kazi iishe. Wakati mwingine dawa ni uvumilivu.

Mtoto wa Saiti

@Tajiri Mpole mkuu ungekuja umwambie hivyo bosi wangu, mkataba una tarehe na kila siku ya kuchelewa tunakatwa. Halafu huku kwetu mvua inaanza Aprili inakwenda mpaka Oktoba au Novemba, tukingoja kiangazi tunapata miezi minne au mitano tu kwa mwaka.

Kaloli wa Ziwani

Nimeliona hili nimeingia mbio maana ndio mkate wangu. Mimi nafukuza ndege wa angani uwanjani, kazi yangu gari, honi na baruti za kelele. Huyo mtu wako wa usalama yuko sawa lakini na kontrakta naye yuko sawa, hawajaelewana tu kwenye neno bwawa.

Kinachotuua sisi ni maji yanayokaa. Maji yakikaa siku nne tano chura anataga, wadudu wanazaliana, nyasi laini zinaota pembeni, halafu anakuja yangeyange, anafuata korongo, mwisho unamkuta kaloli, yule korongo mkubwa mwenyewe, kasimama katikati kama askari wa zamu. Kaloli mzima anafika kilo 9, mabawa yakinyooshwa yanapita mita mbili na nusu, wewe fikiria huyo anaingia kwenye injini ya ndege inayopaa. Pale kwangu ziwani tuna sami pia, wale wadudu wanaopanda kama moshi toka Ziwa Victoria, mbayuwayu wanawafuata, kwa hiyo ukiniongezea na dimbwi umenimaliza banange.

Lakini bwawa linaloshika maji kisha linayaachia polepole mpaka linakauka, hilo tunaishi nalo vizuri. Wamarekani kwenye miongozo yao ya viwanja wanasema maji ya mvua yasikae zaidi ya saa 48 baada ya mvua kwisha, na katikati ya mvua na mvua bwawa libaki kavu. Bwawa la kudumu la maji, kama ni kiwanja cha ndege za jeti, wanataka liwe mbali kama kilomita tatu na pale ndege zinapotembea. Sasa wewe lifanye refu na jembamba, si duara, kingo zake kali na uzipange mawe, usiache kisiwa wala sehemu ya kina kifupi kifupi ambapo ndege anaweza kusimama akavua, na sakafu yake iteremkie kwenye tundu la kutolea ili kusibaki kidimbwi. Waambie hilo ni bwawa kavu, uone kama bado watagombana.

Kitu kingine watu wa saiti hawakijui, udongo mkiugeuza tu yangeyange wanaifuata greda nyuma kama kuku. Minyoo hiyo. Kwa hiyo ukikwangua jioni asubuhi mimi nina ndege mia kwenye njia. Mjulishe mtu wa redio anayeongea na marubani kila siku mmefungua wapi, asisikie kwa rubani.

Na mawe ya kupunguzia kasi ya maji msiyaweke karibu na ranwei inayotumika, wala mtaro wazi wenye kingo kali usiuache ndani ya ile ardhi ya pembeni ya ranwei, ndege ikitoka njiani inatakiwa ipite pale bila kuvunjika mguu. Kitambaa kikichanika na upepo ndio kabisa, kinaingia kwenye propela.

Jirani wa Uwanja

Mimi si fundi, mimi ni yule wa jerikani. Si wa huko kwako kijana, lakini nimeishi chini ya kiwanja kilichopanuliwa na nataka uelewe kitu ambacho mainjinia wote walikuwa wanaandika kwenye daftari na hawakielewi.

Zamani maji yalikuwa yanakuja kwetu yametawanyika, yanapita kwenye majani upana wa kama mita mia tatu, unalala unaamka ardhi imelowa, basi. Walipomaliza mitaro yao mizuri ya zege maji yaleyale yakawa yanatokea kwenye mdomo mmoja wa kalavati, yanatoka na hasira, mvua ya pili tu yalichimba korongo la kumzidi mtu urefu kwenye mpaka wangu na wa mwenzangu, choo changu kikaanguka. Nilipolalamika nikaambiwa kiwango cha maji hakijazidi sana. Ssebo, shida yangu haikuwa kiwango, ilikuwa haraka yake na kwamba yote yamekuja mlango mmoja.

Kwa hiyo hiyo kalavati yako ukifika mwisho wake usiiache ikitema hewani. Weka mawe makubwa chini, na kama kuna nafasi yapitishe maji juu ya ukuta mfupi ulio levo ili yatawanyike tena. Na nenda kaongee na wale akina mama kabla hawajaenda redio. Peleka maji ya boza leo, si kesho, barua ya fidia itafuata.

Dada wa Sampuli

Asante Jirani, hilo la mdomo mmoja ningelisema mimi lakini umelisema kwa maumivu yako.

Kuhusu chai ya maziwa. Mchanga unazama kwa sekunde, ule vumbi laini unachukua saa nyingi, mfinyanzi unaweza kukaa siku na wiki haujazama maana chembe zake ni ndogo mno na zina chaji inayozifanya zisukumane. Kwa hiyo usitegemee bwawa peke yake, saa 48 za Kaloli hazitoshi kumlaza mfinyanzi. Tumia shabu, ileile ya kusafishia maji mama zetu walikuwa wanazungusha kwenye mtungi. Chukua chupa sita za maji za lita moja, zijaze maji ya mtaro, weka vipimo tofauti vya shabu iliyoyeyushwa, tikisa, subiri nusu saa, chagua ile ndogo kuliko zote ambayo imesafisha. Usimwage tu kwa ndoo, ikizidi maji yanakuwa makali, chachu, unaua samaki huko chini na kesi inakuwa yako. Na matope yaliyozama uyatoe uyapeleke mbali, yasirudi na mvua ijayo.

Ukubwa wa bwawa, mimi naanzia kwenye kipimo cha Wamarekani, wao kwa saiti za ujenzi wanahesabu futi za ujazo 3,600 kwa kila eka inayomwagia bwawa hilo, ambayo kwa lugha yetu ni kama mita za ujazo 250 kwa hekta. Kwa hekta zako 14 ni 3,500, shimo kubwa hilo bwana. Ila ukifungua hekta 4 tu kwa wakati mmoja unahitaji 1,000. Unaona sasa Mzee wa Level alikuwa anagombana na nini? Bwawa dogo linaanzia kwenye greda kupumzika. Fungua kipande, maliza, shindilia, funika na majani makavu au panda nyasi, ndio ufungue kingine. Hicho kipimo ni cha kuanzia tu, hesabu kamili afanye injinia wenu kwa mvua za hapo.

Msisahau na maji ya kuoshea mikisa ya zege. Watu wanahangaika na tope wanaachia maji ya saruji yaende mtaroni, yale yana uchungu wa magadi, pH inafika 12. Yatengee shimo lake lenye turubai. Dizeli nayo iwe mbali na mtaro.

Na kwa wale wa kandokando ya maziwa, sheria zetu zinalinda mita 200 toka ukingo wa Ziwa Victoria, mito mikubwa mita 100, midogo 30. Angalieni na kina cha ziwa pia. Mei 2020 Victoria ilipanda ikapita rekodi ya 1964, bichi za Entebbe zikazama. Mtu aliyeweka mdomo wa mtaro wake sawasawa na maji ya mwaka wa kawaida aliona ziwa likimrudia kupitia bomba lake mwenyewe.

Mtoto wa Saiti

Jamani nimesoma mpaka chaji ikaisha. Swali moja tu la aibu, nani analipa? Nimefungua BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba, mitaro ya kudumu imo, bwawa la kudumu la mwisho wa ranwei limo, ila ya muda hakuna hata mstari. Bosi akiona neno muda anasema hiyo ni hela ya mfukoni kwangu.

Mzee wa Level

Ndio swali lenyewe hilo, wala usione aibu. Nimeona saiti nyingi zinakufa hapo. Kila mtu anajua la kufanya na hakuna aliyeliwekea bei.

Sasa ujanja ni huu. Bwawa la kudumu limo kwenye BOQ umesema. Lichimbeni sasa hivi, siyo mwisho. Mtaro mkuu wa kutolea maji nao umo, uanzeni leo kutoka chini. Vyote vitalipwa kwenye sati, hati ya malipo, ya mwezi huu kama kazi ya kawaida, na vitawafanyia kazi ya muda bure. Mnachoongeza ni kulichimba bwawa kama nusu mita zaidi kwa ajili ya tope, na kulizoa kabla ya kukabidhi. Hiyo nusu mita ndiyo hela ya mfukoni, na ukimwonyesha bosi gharama ya ndege moja kurudi ilikotoka atainyamazia. Kalavati na vichwa vyake ndio kabisa, weka mapema, kwani unaokoa nini ukichelewa?

Watu wengi programu yao ya kazi inaweka mitaro mwisho kama mapambo. Nakuomba ukaichukue hiyo karatasi uigeuze juu chini.

Mtoto wa Saiti

Narudi baada ya wiki tano, nilisema nitaleta majibu.

Bosi alinung'unika siku mbili halafu akakubali, kilichomshinda ni ile hesabu ya boza 672, aliirudia mwenyewe kwenye simu mara tatu akiamini nimemdanganya. Mtaro wa juu tulimaliza kwa siku nne. Rundo la udongo mweusi tumelihamisha na kulifunika majani. Hekta 9 tumezishindilia na kuzifunika, tumebaki na kama 5 wazi. Bwawa limechimbwa refu kama alivyosema Kaloli, mtu wa usalama alikuja na uso wa jiwe akalipima kwa hatua, akauliza linakauka saa ngapi, nikamwambia saa 48, akaandika.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja milimita 35, bwawa lilijaa likakauka siku ya pili asubuhi, niliimba. Ya pili ilikuwa 41 na hapo tukapata aibu, tundu la kutolea liliziba na kaveera, mifuko ya plastiki, makaveera ya mkate na ya ugali wa vibarua wetu wenyewe, maji yakakaa siku tatu na yangeyange wakaja kama ishirini hivi. Mtu wa usalama alinipiga picha mimi na ndege kwa pamoja.

Ranwei ya zamani haijapata tope tena. Chemchemi tumeifukua na kuizungushia mawe, akina mama wanachota, ila fidia ya muhogo bado iko mezani kwa mtu, nafuatilia kila Ijumaa. Shabu inafanya kazi lakini kibarua wangu wa kwanza alimwaga nusu gunia, Dada asisome hapa.

Dada wa Sampuli

Nimesoma. Mtoe huyo kwenye shabu mpeleke kwenye kaveera.

Kaloli wa Ziwani

Hongera kijana. Tundu lifunike na wavu wa nondo, usilaze, uinamishe ili takataka zipande juu zisizibe, nafasi kama sentimita 5 kati ya nondo na nondo. Vipande vya nondo vilivyobaki kwenye kalavati vinatosha, mtu wa kuchomelea anakufanyia kwa mchana mmoja. Na mtu mmoja awe anaenda kuliangalia kila mvua ikikatika, hata kama ni saa tisa usiku, mnunulieni gumbuti na tochi.